Simu Kwenye Vibuyu vya Dorkasi

Siku hizi mzazi akimpeleka mtoto shule ya bweni, anauliza kwanza kama kuna umeme wa kuchajia. Sisi tuliuliza kama kuna maji. Mwanafunzi wa zamani naye alifika na kifaa chake mkononi, sikatai, lakini kifaa chenyewe kilikuwa jembe. Jembe, fyekeo, ndoo, shuka mbili na kikombe cha bati. Mtoto wa katibu tarafa na mtoto wa mchunga mbuzi walishika mpini wa aina moja, na malengelenge yaliota viganjani mwa wote bila kuuliza baba yako ni nani. Nasema hivi nikijua vijana watacheka. Wacheke. Mimi sikukaa darasani; nilijifundisha kusoma kwa magazeti yaliyofungiwa chumvi dukani, na sijawahi kumwomba msomi ruhusa ya kusema.

Nataka kusimulia habari za Dorkasi Ndahani, aliyekuwa matroni wa shule moja ya sekondari ya wasichana hapa Dodoma, upande wa Nkuhungu. Jina la shule naliacha. Nasimulia kwa sababu wako watu mjini wanaosema mpaka leo kwamba mama huyu alikuwa mwizi wa simu. Hakuwa mwizi. Tuliishi Miyuji ua kwa ua, na hizo simu niliziona kwa macho yangu.

Alizaliwa kwenye tembe upande wa Bahi, binti wa mfugaji. Wamisheni walimfundisha kusoma na kushona, kisha akaolewa na kibarua wa reli ambaye hakukaa sana duniani. Akaingia shuleni kama mpishi. Jikoni hakudumu, kwa kuwa wasichana wakiumwa tumbo au wakipata habari mbaya ya kwao walipita ofisi zote wakaenda kumtafuta yeye kwenye moshi. Uongozi wa wakati ule ulikuwa na macho. Ukamtoa jikoni ukampa bweni.

Alikuwa mrefu, mkavu, na ndewe za masikio yake zilikuwa zimetobolewa na kuvutwa kwa desturi ya wazee wetu, zikaning'inia. Miaka ya ujamaa hakuna mtoto aliyezishangaa. Ilipokuja ile miaka ya ruhusa, kila mtu akaruhusiwa kununua na kila kitu kikaruhusiwa kuuzwa, shule nayo ikajaa watoto wa watu waliohamia na ofisi zao kutoka Dar es Salaam. Hao ndio waliomwambia, "Matroni, hapo kwenye sikio si unaweza kutundika simu?"

"Lete yako nijaribu," akajibu. "Ikidondoka, ni yangu."

Maana simu zilikuwa zimeshaingia. Kwanza moja, ya tochi, iliyofichwa ndani ya mkate. Halafu zikaja kama kumbikumbi. Mtoto alitoboa mche wa sabuni akaipachika humo. Mwingine aliizika kwenye kopo la unga wa dona. Wakatoa balbu za bweni ili wavute umeme wa kuchajia, na siku moja waya ukatoa cheche, godoro likaungua, watoto wakatoka mbio na kanga. Masomoni walisinzia. Wanaume wasiojulikana walipiga simu kutoka stendi wakijiita wajomba. Wenye simu za bei wakakaa upande wao, wenye za tochi upande wao, wasio nazo wakageuka wabeba ujumbe, na kila wiki kulikuwa na kilio cha mtu aliyeibiwa. Jembe halikuleta hayo. Sijasikia jembe la mtu likipigiwa na mjomba wa stendi.

Mkuu wa shule wakati huo alikuwa Bwana Ambokile, mtu wa kusini, nadhifu, msomi wa chuo kikuu. Dawa yake ilikuwa upekuzi na fimbo. Alipekua, akachapa, simu zikahama kutoka masandukuni zikaingia vifuani. Na huku walimu wake wenyewe walisimama mbele ya darasa wakisema "haloo, haloo, niko kwenye kipindi," watoto wakiwatazama.

Dorkasi alitafuta njia yake. Likizo ya Juni alikwenda kwao Bahi akarudi na gunia la vibuyu vidogo. Akavikata shingo, akavikwangua, akavifukiza moshi kama vifukizwavyo vya maziwa, akavitundika safu kwenye ukuta wa baraza, hapo mbele ya chumba chake, mlangoni mwa bweni. Kisha akawaita wasichana.

"Kwetu," aliwaambia, "kila mtu ana kibuyu chake na alama yake. Mkono wa mwingine hauingii. Hata mtoto wa kambo atalala na njaa, asiguse maziwa yanayoning'inia juu ya kichwa chake. Mwenye simu achague kibuyu, achome alama, aiweke humo. Jumamosi baada ya usafi ataichukua, atasema na kwao hapa barazani, mbele ya wenzake. Kengele ya chakula ikilia, inarudi."

"Na kama sina wa kusema naye mbele ya watu?" mmoja akauliza, wakacheka.

"Huyo mwambie aje nimwone. Nitampikia mlenda."

Walimdhihaki, kisha wakaona vya kwenye vibuyu haviibiwi. Wakaanza kuja mmoja mmoja, wakichoma alama kwa waya wa moto: nyota, samaki, herufi, jembe. Baada ya muda ukuta ulijaa na bweni likalala. Bwana Ambokile aliuona ukuta ule, akapita kama hakuuona. Sheria ya shule ilisema simu haziruhusiwi kabisa, lakini amani ilimfaa, akanyamaza.

Msichana mmoja tu hakutaka kibuyu. Aliitwa Joha, baba yake alikuwa mkubwa serikalini, na simu yake ilikuwa ya kwanza shuleni pale kupiga picha. Dorkasi alimwandama kila siku. "Joha, kibuyu chako kinakusubiri." Joha anajibu, "Matroni, hii haiwezi kunusa moshi, itaharibika." Akaendelea kuificha.

Siku moja jikoni walipika maharage yenye wadudu. Joha akayapiga picha kwenye sahani, wadudu wakionekana mpaka miguu. Baba yake akaiona picha, akawaonyesha wenzake, na Bwana Ambokile akapigiwa simu na watu ambao hakupenda kupigiwa nao. Sitamtetea mkuu kwa hilo. Wadudu walikuwepo. Angeagiza maharage mengine, yangeisha.

Yeye akaagiza upekuzi. Simu ya Joha ikapatikana. Kesho yake baba mtu akaja na gari, na mkuu akamrudishia simu ofisini, mikono miwili, na samahani mheshimiwa juu yake. Gari lilipoondoka akatangaza: simu zote zilizomo shuleni zitachomwa moto Jumatatu, paredi, wanafunzi wote wakishuhudia. Zote, maana yake zile za kwenye vibuyu, za watoto waliotii.

Hapa msomaji lazima amjue Hana. Alikuwa binti wa wafugaji, mwembamba, mkimya, mwenye alama ya mwezi mchanga kwenye kibuyu chake. Mama yake alikuwa amelazwa hospitalini miezi mingi, na kaka yake aliuza mtamba wa ng'ombe ili Hana awe na simu ya tochi, asikie sauti ya mama yake kila Jumamosi. Joha angenunuliwa nyingine kabla majivu hayajapoa. Hana angerudishiwa nini? Moto ule ungechoma mtamba wa watu.

Ijumaa mchana mkuu alikuja mwenyewe barazani. Wasichana walikuwa wakifua pale uani, wote waliyasikia haya.

"Mama Dorkasi, nimekuja kuzichukua."

"Uende nazo wapi, Mkuu?"

"Umesikia tangazo. Zinachomwa Jumatatu."

"Ya Joha nayo?"

Akakohoa. "Ile imesharudi kwa mzazi."

"Na hizi zina wazazi."

"Usinifundishe kazi, mama."

"Sikufundishi. Nakuuliza, na hujibu."

Bwana Ambokile akanyoosha mkono akauingiza kwenye kibuyu cha karibu. Kilikuwa cha Hana. Wasichana wa huku kwetu wakapiga ukelele kama wameona nyoka. Wale wa Dar es Salaam wakashangaa kilichotokea.

"Mkuu, toa mkono," Dorkasi akasema.

"Unasemaje?"

"Nimesema toa mkono. Hicho si chako."

"Hii ni shule ya serikali, siyo zizi la ng'ombe!"

"Zizi lina sheria, Mkuu. Toa."

Akajaribu kuutoa, haukutoka. Mdomo wa kibuyu ulikatwa kwa kipimo cha kiganja cha msichana, na ngumi ya mwanamume iliyoshika simu haikupita. Akavuta. Kibuyu kikang'oka ukutani, akabaki nacho mkononi kama mtu aliyevaa kwato. Pale uani mtu mmoja akaanza kucheka ndani ya beseni la nguo, kisha wote.

"Iachie simu," Dorkasi akasema taratibu, "mkono utatoka."

Akaiachia. Mkono ukatoka. Alifuta kiganja kwa kitambaa, akasema kwa sauti ya chini, "Jumatatu nizikute hizo simu, au nisikukute wewe." Akaondoka.

Mtu wa zama hizi za leo angefanya hesabu. Dorkasi alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu kwa heshima. Angesema, mimi ni mtumishi mdogo, agizo limetoka juu. Nchi nzima iliponea hapo, kwenye "limetoka juu." Yeye Jumapili, baada ya ibada, alipanga vibuyu vyote kwenye tenga, akajitwika, akaelekea getini.

Mlinzi, mzee Methusela, ndiye aliyenisimulia.

"Umebeba nini, mama?"

"Vibuyu."

Hapo hapo kibuyu kimoja kikalia. Kikalia kwa muziki, tii-ri-ri, tii-ri-ri, juu ya kichwa cha mama.

"Mama, kibuyu chako kinaimba."

"Kina njaa, mzee."

"Basi wahi ukakilishe," Methusela akasema, akafungua geti.

Nilimsaidia kutua tenga uani kwake. Nikamwambia ukweli wangu, kwamba ningekuwa mimi ningemwaga mafuta ya taa kwa mikono yangu, kwa maana vitu vile vimewaharibu watoto.

"Kaka, hata mimi sizipendi," akajibu. "Sikuambiwa nizipende. Nilipewa nizitunze."

Jumatatu pipa liliwashwa mbele ya shule nzima, moto mzuri wa kuni za mgunga. Mkuu akaita, "Matroni, lete simu." Dorkasi akatoka mstarini, mikono mitupu, kanga imefungwa kiunoni.

"Ziko nyumbani kwangu Miyuji, Mkuu. Kila mzazi aje achukue ya mwanawe."

"Unajua huo ni wizi? Naita polisi sasa hivi!"

"Waite. Lakini polisi watauliza aliyeibiwa ni nani." Akawageukia wasichana. "Aliyeibiwa na mimi anyooshe mkono."

Hakuna aliyenyoosha. Kuni zikapasuka ndani ya pipa. Kisha msichana mmoja, mpaka leo sijui ni nani, akapiga kigelegele kimoja kirefu, na paredi nzima ikaitikia. Polisi hawakuitwa. Dorkasi aliamriwa kutoka eneo la shule na asionekane tena mpaka bodi ikae. Moto uliwaka peke yake mpaka ukazimika.

Wazazi wakaanza kuja Miyuji. Sharti lake lilikuwa moja, mzazi aje mwenyewe. Mmoja alimtuma dereva na gari jeupe. Dorkasi alimkaribisha maji, akamrudisha. "Gari halijazaa," akamwambia. Wengine walikuja kwa hasira wakaondoka wameshiba. Alikuwa akiwaambia uso kwa uso mambo ambayo barua za shule hazikuwaambia: huyu wako anapigiwa na mwanamume, huyu wako halali, huyu wako amemwazima mwenzake simu kwa malipo ya kumfulia nguo. Mama mmoja alilia. Baba mmoja alitaka kugomba, akakumbuka yuko uani kwa mtu.

Watu wa Hana hawakuja. Mvua zilikuwa zimeanza, mto ulikata njia. Na simu ya Hana, ndani ya kibuyu chenye mwezi, ikaanza kulia. Simu za wakati ule zilikuwa na subira ya chaji kuliko hizi za sasa. Ililia asubuhi, ikanyamaza, ikalia tena mchana. Nilipita kwenye ua nikamkuta ameketi mbele ya kibuyu, mikono magotini.

"Ipokee," nikamwambia.

"Siyo yangu."

"Labda ni mama yake. Labda anakufa!"

"Ndiyo maana siyo yangu," akasema. "Nikiingiza mkono mimi leo, Ambokile alikosa nini?"

Nilimkasirikia. Nilidhani ni ukaidi tu, na ulikuwa ukaidi, lakini wa aina ambayo haizaliwi tena. Aliinuka, akakifunga kibuyu kwenye kanga, akaenda zake kwa miguu, Miyuji mpaka shuleni, kwenye matope, mwanamke wa umri ule. Hakukanyaga ndani ya geti, kwa kuwa alikatazwa. Alisimama nje ya uzio wa minyaa akamwomba Methusela amwite Hana.

Hana akaja mbio. Dorkasi akapitisha kibuyu kwenye upenyo wa minyaa, akakishika kwa chini, na msichana akaingiza mkono wake mwenyewe akaitoa simu. Akapiga. Methusela anasema shule nzima ilikuwa madirishani.

"Mama? Mama, ni mimi."

Sauti ya upande wa pili ilisikika mpaka getini, maana wazee wetu wanaamini simu inataka kupigiwa kelele. Mama mtu alikuwa ameruhusiwa kutoka hospitalini. Alikuwa nyumbani kwake, amekunywa uji, na alitaka kujua kwa nini mtoto hapokei simu, au ndiyo usomi umeanza?

Hana alicheka huku analia. Alipomaliza, Dorkasi alikuwa bado amekishika kibuyu. Msichana akaitazama simu, akamtazama mkuu aliyekuwa amesimama kwenye ngazi za ofisi. Msichana angeweza kuitia mfukoni, na nani angemzuia? Akapenyeza mkono kwenye minyaa, akairudisha kibuyuni. "Shikamoo, mama," akasema, ingawa walikwisha kusalimiana.

"Marahaba. Nenda kasome."

Kaka yake alikuja kuichukua mto ulipopungua. Hapo zote zilikuwa zimerudi kwa wenyewe, hata moja haikupotea, na wanaomwita mwizi wamtaje wa kwanza aliyekosa yake.

Bodi ilikaa baadaye. Mwenyekiti, mstaafu mmoja mpole, hakutaka makuu. Alimwambia Dorkasi aandike mistari miwili ya kuomba radhi, arudi bwenini, amalizie muda wake astaafu na mafao yake kamili. Maana tangu aondoke bweni lilikuwa halishikiki. Simu zilikuwa zimerudi, balbu zilitolewa tena, na wasichana wawili walipigana kwa ajili ya chaja hadi wakashonwa.

"Niandike nimekosa nini?" Dorkasi akauliza.

"Umekaidi agizo la mkuu wako, mama."

"Hilo nimelifanya. Radhi ya nini?"

Bwana Ambokile alikuwa ameketi pembeni ya mwenyekiti. Simu yake ikalia mezani, akaipokea, akainama chini akinong'ona, "Nipo kikaoni, nitakupigia." Wajumbe wakasubiri amalize. Ndivyo tulivyokuwa tumefika, watu wazima tisa wakisubiri kimya mtu amalize kunong'ona na meza.

Mwenyekiti akajaribu tena. "Mama Dorkasi, tusaidie nasi tukusaidie. Tuseme tunakurudisha leo. Utabadilisha nini?"

"Nitaanza na ya Mkuu," akasema. "Kibuyu kipo, nitakikata mdomo mpana."

Wajumbe wengine walicheka, kisha wakakumbuka walikoketi. Mwenyekiti alivua miwani akamwomba awapishe. Dorkasi akainuka, akawaaga mmoja mmoja kwa adabu yote, Ambokile naye akimo, akatoka akiwa hana kazi, maana radhi hakuiandika. Mlango hakuufunga.